Vyote Viko Kabati la Tano

Mkufunzi alikuja na masanduku matatu ya magurudumu, na ndani ya yote matatu hamkuwa na kitambaa hata kimoja cha kupangusia vumbi. Nililiona hilo siku ya kwanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa siku tano, na jembe lenyewe hakuligusa.

Alikuwa ameletwa kutufundisha programu ya kompyuta ya kuorodhesha vitu vya makumbusho. Jumba letu ni dogo: vyumba viwili vya maonyesho, ofisi, varanda, na vitu mia nne na kumi na viwili. Mimi ndiye mtunza vitu. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kupangusa, kufunika, kupigana na mchwa, na kujua kila kitu kinakaa wapi. Mkufunzi alisema kujua kwa kichwa ni hatari.

"Kwa mfano, Bibi, ukifa leo?" akaniuliza mbele ya watu.

"Nikifa leo mtanizika kesho. Kile kigoda kina miguu mitatu lakini hakijui kutembea. Mtakikuta palepale."

Wenzangu wakacheka. Nikaona nimpoze kidogo, maana naye ni mtoto wa mwenzangu.

"Kitendawili," nikasema.

"Nini?"

"Sema 'tega', mwanangu."

"Haya, tega."

"Nyumbani kwangu nina wageni mia nne. Hawali, hawalali, wala hawajui kuaga."

Akatazama dari, akatazama skrini, akabonyezabonyeza. "Hicho kwenye mfumo hakimo."

Jibu lilikuwa limemzunguka pande zote nne, limejaa makabatini, na asilione. Hata mji hakunipa, kama afanyavyo mtu aliyeshindwa kitendawili. Hapo nikajua tumeletewa mtu wa aina gani.

Karani wetu ni binti wa kaka yangu, mtoto mwenye bidii. Siku zote zile alikuwa akichapa: majina ya vitu, namba zake, vipimo vyake, mpaka vidole vikamuuma. Ikabaki safu moja tupu, ile ya mahali. Hiyo nilitakiwa nimsomee mimi, kitu kimoja kimoja, naye achape. Kazi ya siku mbili. Lakini ilikuwa Ijumaa, na mkufunzi alikuwa na safari saa tisa. Basi akaandika yeye mwenyewe mahali pa kitu cha kwanza, mkufu wa shanga: Chumba cha Pili, Kabati la Tano. Kisha akaikamata kona ya kile kisanduku kwa mausi, akaivuta chini kama mtu anayevua soksi. Kufumba na kufumbua, vitu vyote mia nne na kumi na viwili vikapata makao: Chumba cha Pili, Kabati la Tano.

"Huu ni mfano tu," akasema. "Mtarekebisha baadaye."

Akaimimina orodha kwenye programu, akafunga rekodi zisichezewe, akatugawia vyeti, akaondoka. Cheti changu kimeandikwa Msimamizi wa Data, Ngazi ya Kwanza. Nimekikunja mara nne nikakitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na meza imetulia. Faida nyingine ya mafunzo yale sijaiona.

Jumatatu karani alifungua programu, akashika shavu. "Shangazi, njoo uone. Ngoma kubwa iko kabati la tano. Mikuki iko kabati la tano. Mlango wa kuchonga, Shangazi, mlango mzima, uko kabati la tano!"

Kabati la tano ni la kioo, ukubwa wake banda la kuku wanne. Mikufu minane ikishaingia, wa tisa hubaki nje ukipiga hodi.

Mkuu wa jumba akampigia mkufunzi simu. Tukamsikia akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, ndiyo, kama mgonjwa anayeelezwa dawa. Kufungua rekodi kunahitaji neno la siri kutoka makao makuu ya kampuni, na barua, na wiki tatu. Na Ijumaa ya wiki ileile alikuwa anakuja mkaguzi kutoka kwa wafadhili, kuangalia kama vitu viko pale skrini inaposema viko. Tena kulikuwa na jambo lililomfunga Mkuu kamba kuliko yote: alikuwa ameshapeleka ripoti juu kwamba kila kitu kimehakikiwa kwa macho. Ameshatia sahihi.

"Mwambie mkaguzi ukweli," nikamshauri. "Mtacheka dakika moja, yaishe."

"Bibi, mimi sikuwekwa hapa nichekwe."

"Sasa tufanyeje?"

Akasimama katikati ya ofisi, mikono nyuma. "Mambo ni mawili. Ama kompyuta ifuate vitu, ama vitu vifuate kompyuta. Kompyuta imefungwa. Vitu havijafungwa."

Hivyo ndivyo alivyosema, mchana kweupe, mtu mzima mwenye tai shingoni.

Basi tukahama. Mpagazi wetu, tunayemwita Kreni kwa mabega yake, alikibeba Chumba cha Kwanza mgongoni kidogo kidogo, akakimwaga Chumba cha Pili. Ngoma juu ya vigoda, vigoda juu ya masanduku, mikuki imeegemezwa kama mifagio, vinyago vinatazama ukuta kama watoto waliokosa adabu. Kuhusu kabati, Mkuu aliandika KABATI LA TANO kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi kubwa, akaibandika juu ya mlango wa chumba, kwa nje.

"Kuanzia sasa chumba chote ni kabati," akatangaza.

Karani akaninong'oneza, "Na sisi tukiingia tunahesabiwa?"

Hayo yote ningeyacheka nikaenda zangu. Vumbi ni vumbi, hata ukilihamisha. Lakini ulibaki mtungi.

Mtungi ule, namba 117, unanifika kifuani. Mfinyanzi wake alikuwa amevaa bangili, na bangili ikajichapa kwenye udongo mbichi chini ya mdomo, alama saba kuzunguka. Kila Jumatatu nazipitia kwa brashi laini moja baada ya nyingine. Tumboni una ufa unaouzunguka wote, uliogundishwa mara mbili. Ndiyo maana umekalishwa kwenye sanduku la mchanga, pembeni mwa Chumba cha Kwanza, pasipo na jua wala kikumbo. Mama aliyetuletea alikuja nao umefungwa kwenye machela, wanawe wanne wameshika pembe. Akanishika mkono mimi, si mkuu wa wakati ule. "Mwenzangu," akasema, "huu asiuinue mtu. Ukiuinua kwa shingo, utabaki na shingo." Nikamwahidi. Yeye ameshatangulia mbele ya haki, lakini ahadi haikuzikwa naye.

Alhamisi asubuhi Kreni aliupima mtungi kwa kamba, kisha akaupima mlango wa Chumba cha Pili. "Haupiti, Mkuu. Tumbo limezidi kiganja kizima."

"Ng'oeni fremu."

"Hata tukiing'oa, tunauinuaje? Una ufa huu."

"Kwa shingo. Shingo iliwekwa ya nini?"

Nikajikuta nimesimama kati yake na mtungi. "Baba," nikamwambia, na kumwita Baba mtu niliyemzidi miaka kumi na mitano kulinigharimu, "huu ukisogezwa utavunjika. Hutakuwa na mtungi. Utakuwa na vigae."

"Vigae vitakuwa mahali sahihi," akajibu. "Kwenye programu hakuna pa kuandika kimevunjika. Kuna Kipo na Hakipo. Nikirudi kutoka kula, fremu ing'olewe."

Akaenda kula. Kuna watu huona kilichoandikwa wasione kilichosimama. Mchoree mtu wa namna hiyo sahani ya chakula, atanawa mikono.

Nilikuwa na saa moja tu.

Namba ya kitu cha makumbusho haiandikwi juu ya kitu chenyewe. Tulifundishwa zamani, na mwalimu aliyekuja na vitambaa: unapaka kwanza vanishi kidogo, wino unakaa juu yake, ili siku namba ikitakiwa kutoka, itoke bila kukichubua kitu. Nikachukua pamba na spiriti, nikainama, nikapangusa. Mia moja na kumi na saba ikatoka yote. Likabaki doa jeusi kwenye pamba.

"Shangazi!" Karani alikuwa mlangoni. "Unafanya nini? Kitu kisicho na namba hakipo!"

"Ndicho ninachotaka. Kisichokuwepo hakihamishwi."

"Na mkaguzi akiitafuta 117? Utatufukuzisha kazi sote."

"Ataipata."

Kwenye varanda kulikuwa na chungu cha maua cha kununua dukani, kimo cha goti, maua yake yalishakufa kwa kiu. Nikamwaga udongo, nikakiosha, nikakipaka vanishi, nikaandika 117 kwa mwandiko mzuri. Kreni, ambaye toka asubuhi alikuwa akiuogopa ule ufa kuliko mkewe, alikichukua kwa vidole viwili akakipeleka Chumba cha Pili huku akipiga mluzi. Mtungi wenyewe nikaufunika kwa ubao, juu ya ubao nikaweka jagi la maji na vikombe. Ukawa meza ya maji ya wafanyakazi. Basi.

Mkuu alirudi akijichokoa meno. "117 iko wapi?"

"Kabati la tano," akajibu Kreni.

Mkuu akaingia. Akakitazama chungu. Akaitazama namba. Akaitazama dari kwa muda mrefu. Usidhani hakujua.

"Mtungi umepitaje mlangoni?"

"Ulibana pumzi, Mkuu."

"Mnaona?" akasema. "Kumbe inawezekana."

Ijumaa mkaguzi akafika, mama wa makamo mwenye tableti na viatu vya mtu aliyezoea kutembea. Aliteua namba kumi kutoka kwenye orodha. Sita za kwanza tulimtolea haraka, tukiruka mikuki na kupanda masanduku. Ya saba ilikuwa 117.

"Mtungi mkubwa wa udongo," akasoma. "Kimo, sentimita mia moja na kumi na nne." Akainama kukitazama kile chungu kilichomfika gotini. Karani akashikwa na kikohozi. Mimi nilijua: huyu mama akisema hapana, Mkuu atauleta mtungi wenyewe kabla jua halijatua, kwa shingo, akiuburuta ikibidi.

"Mbona mfupi?"

"Udongo husinyaa, mama," Mkuu akajibu bila kupepesa. "Hasa wa zamani."

Mkaguzi akanigeukia mimi. "Bibi, wewe ndiye unayevitunza. Udongo huwa unasinyaa?"

"Mwanangu," nikasema, "humu ndani wiki hii nimeona mengi yakisinyaa."

Akanitazama. Akaitazama tableti, akapandisha kidole, akakishusha, akatafuta. "Hapa hakuna pa kujaza kimo," akasema mwishowe. "Kuna namba na mahali tu." Akabonyeza Kipo.

Tulipata asilimia mia. Mkuu alipigwa picha mbele ya mlango, karatasi yake ikionekana vizuri juu ya kichwa. Wakati wa kutoka, mkaguzi alipita Chumba cha Kwanza, akauliza kwa nini ni kitupu. "Cha kupumzikia," akaambiwa. Akajimiminia maji, akanywa, akaupapasa mtungi ubavuni.

"Meza nzuri hii," akasema. "Mngeweka na viti."

Wiki tatu zikapita, neno la siri likafika. Nikamfuata Mkuu ofisini. "Sasa turudishe vitu mahali pake. Na mtungi nao urudishiwe namba yake."

"Bibi, rekodi zilizokaguliwa hazifunguliwi. Nitaeleza nini huko juu?"

"Namba tu, basi. Ya mtungi."

"Namba ile ina mwenyewe," akasema, akarudi kwenye skrini yake.

Sasa wanafunzi wakija huingizwa Chumba cha Pili mmoja mmoja, kwa ubavu, na Mkuu huwaonyesha chungu cha maua. Huwaeleza jinsi mababu walivyokuwa mafundi wa kufinyanga mitungi ya maji. Juzi msichana mmoja aliinua mkono.

"Samahani, mtungi wa maji mbona una tundu chini?"

"Wazee walikuwa na hekima yao," Mkuu akamjibu.

Walimu wakaandika.

Mtungi u mzima. Hauna namba, hauna jina, kwenye programu haupo, na hakuna wa kuuhamisha. Mkuu akimaliza kusema uongo wake koo humkauka. Huja Chumba cha Kwanza, hujimiminia maji, huegemeza kiwiko juu ya ubao.

"Kiwiko, Baba," humwambia.

Hukiondoa.