Glasi ya Manousos

Mume wangu Manousos amepika raki, pombe kali ya kijiji chetu, tangu sijaolewa. Kila Novemba, makapi ya zabibu yakishachacha, watu huja kwenye mtambo wa shaba na viazi vyao vya kuchoma, na hakuna anayethubutu kunywa mpaka mpishi aonje, atamke ukali wake, kisha arushe kilichobaki motoni. Moto ukiruka, raki imeiva. Mpishi asiyeweza kuonja hana haki ya kukalia kigoda cha mbele ya mtambo.

Na yeye hakuweza. Tangu homa ya kiangazi ulimi wake ulikuwa umekufa, na pua pia; hakusikia ladha, ukali wala harufu. Nilizidisha chumvi, nikazidisha siki, akala vyote sawasawa. Hatukumwambia mtu. Lakini mwanetu Sifis ana macho, na kile kigoda alikitamani kuliko alivyotupenda sisi.

Mwaka huu ndiye aliyemletea baba yake glasi ya kwanza, mkono kifuani, adabu tele.

"Onja, mzee. Watu wana kiu."

Manousos akaonja. Akafumba macho, akatabasamu.

"Kali! Leo wake zenu watawabeba mgongoni."

"Kweli, baba?"

"We mtoto, unanifundisha kazi? Tazama!"

Akarusha iliyobaki motoni. Makaa yakalia tsss, moshi mweupe ukapanda, moto ukafa upande mmoja. Yalikuwa maji ya pipa la kupozea.

 Seremala akaangua kicheko, wakafuata wote, hata wale ambao Manousos ni baba wa ubatizo wa watoto wao.

"Mzee kalewa maji!"

"Mfungieni kisima, atakufa kwa ulevi!"

Sifis akamshika baba yake bega, akamwinua taratibu, akaketi yeye kigodani. Nilimzaa mimi huyo, na saa ile nilitamani ningezaa jiwe.

Akakinga raki yenyewe kwenye bomba, akaonja, akarusha. Moto ukaruka, wakampigia makofi. Akajaza nyingine, akamnyooshea baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma pamoja nasi wanawake.

"Haya, baba. Na hii je? Maji au raki?"

 Manousos akanywa yote. Akasubiri ladha ije, mdomo wazi kidogo. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

"Raki, mume wangu," nikasema. "Hiyo ni raki."

Wakacheka kuliko mara ya kwanza.