Chungu Kinaulizwa Kwao

Jana usiku niliota nimezikwa hadi kidevuni katika udongo mweusi wa bonde la Kidete, na jino langu bovu linaniuma vilevile. Ubavuni mwangu kimezikwa chungu cha kale ninachokipima maabara.

"Shikamoo," nikakiamkia, kwa kuwa kina miaka mia tisa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ripoti umeshaipeleka?"

"Kesho asubuhi. Kemikali zako zinafanana na za udongo wa hapa, kwa hiyo nimeandika umefinyangwa Kidete."

Nikaona aibu. Wiki iliyopita Bi Semeni, mfinyanzi wa kilima cha Mwanzele, alinishika mkono kwa kiganja kilichoganda udongo mwekundu. "Mwanangu," alisema, "chungu kile ni cha bibi zetu. Kikiandikwa cha Kidete, tumepokonywa."

Mara udongo unaanza kazi. Unachota chokaa mifupani mwangu, unaniwekea fosforasi yake, taratibu, bila chuki. Kucha zangu zinageuka nyeusi.

"Unanifanya nini?"

"Nakulea," unasema udongo. "Na hicho chungu nilikilea hivihivi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ni changu."

Bonde limekuwa maabara. Mimi nimo ndani ya mashine, na chungu kimevaa koti langu jeupe. Linakikaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi.

"Huyu mama," kinasoma majibu, "ni mzaliwa wa Kidete."

"Mimi ni wa Tabora!" napiga kelele. "Mama yangu yu hai, mpigieni simu!"

"Mashine haipigi simu. Nimekukwangua ngozi tu. Wewe ulinikwangua wapi?"

"Ngozi," nikasema. Kesho ningewanyang'anya watu bibi yao kwa uvivu wa kukwangua hadi ndani.

"Fungua kinywa."

Kikajimega chembe ya ndani kabisa, ambako udongo wa Kidete haukufika, kikaishindilia kwenye tundu la jino langu. Sikumbuki kilitumia mkono gani.

Nikaamka. Jino haliumi. Nikapeleka ulimi: tundu limezibwa. Nikawasha taa, nikajitazama kwenye kioo. Ndani ya jino mna udongo mwekundu, ule ule wa kiganjani mwa Bi Semeni. Kidete nzima haina udongo mwekundu hata wa kubandika kidonda.

Nikaichana ripoti, nikaenda kazini bila kupiga mswaki.