Bugota

Mwaka ule vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, pamba ya Bariadi inanunuliwa na yeyote mwenye lori, na redioni kila mtu anasema analotaka. Wodi ya wazazi haikupata habari hizo. Pale akisema Daktari Januarius, wauguzi hunyamaza, na Nyamizi, aliyetoka chuoni juzi tu, alionywa hivyo siku ya kwanza.

Asubuhi moja akaletwa Martha wa Mwamapalala, mimba ya kwanza, uchungu wa tangu jana. Mama mkwe wake akamvuta Nyamizi pembeni, akamwita mayu, yaani mama, akamnong'oneza kwa Kisukuma kwamba alfajiri walimpa bugota, dawa ya mizizi ya kuharakisha mtoto. Alinong'ona kwa sababu Kisukuma kilipigwa marufuku wodini, eti ni ushamba. Ushamba, na wagonjwa wenyewe wote Wasukuma!

Daktari, mgeni wa mkoa, akaagiza dripu ya kuongeza uchungu. Nyamizi akakumbuka somo la chuoni. Dripu ile juu ya bugota ingeweza kupasua kizazi.

"Daktari, huyu ameshakunywa dawa ya kienyeji," alisema. "Tusimwekee dripu."

Daktari akauliza nani kasema. Mama mkwe, kwa kuogopa kufukuzwa pamoja na Martha, akakana. Daktari akamgeukia Sista Wilhelmina, mkuu wa wodi, mzaliwa wa Binza, Msukuma kama wao, aliyekuwa kando wakati bibi akinong'ona. Sista akajibu kwamba hajasikia kitu. Basi Nyamizi akatolewa nje kwa utovu wa adabu, na dripu ikawekwa.

Kabla ya adhuhuri Martha alikuwa amekufa, na mtoto wake tumboni.

Aliyeitwa kumwosha ni Nyamizi, pamoja na Sista. Walipofika miguuni, Sista akasema bila kuinua macho, "Nililisikia hilo neno, mwanangu."

Nyamizi akakiweka chini kitambaa, akamtazama.

"Nikiwa kama wewe, nilisema," Sista aliendelea. "Nikatupwa zahanati ya porini mpaka nikajifunza."

Nyamizi alimchukia siku nzima. Kesho yake akamwamkia kama kawaida, maana barua ya uhamisho huandikwa na mkuu wa wodi.

Wiki iliyofuata bibi mwingine, mwenye binti anayeugulia kitandani, alimshika mkono akaanza kunong'ona. Nyamizi aliisikia "bu" ya mwanzo, akautoa mkono wake.

"Humu tunasema Kiswahili, mayu."