Kitufe cha Mzee Bizimana

Mzee Bizimana aliweka kitufe. Hivyo ndivyo alivyopenda isemwe, na alihakikisha inasemwa kila kikao na kwa kila mgeni, hata kwa padri aliyekuja kuulizia mbegu za maharage. Kitufe chenyewe kilikaa juu ya kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo. Ukikibonyeza, kilipaswa kukiamsha chombo cha kujenga, kile kinachochukua msimbo na kuufanya programu inayofunguka kwenye simu ya mkulima. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwenye dirisha jeusi, kwa kuandika amri moja baada ya nyingine. Sasa, alisema mzee akijipiga kifua, hata ng'ombe angeweza kujenga.

Tecla, binti aliyeajiriwa kwa mkataba kuijenga programu hiyo, alisema moyoni kwamba ng'ombe angalau angejua kama amejenga au hajajenga.

Maana kitufe hakikujenga lolote la maana. Mzee alinakili mipangilio kutoka mtandaoni, akakielekeza kihariri kwenye folda ya mazoezi badala ya folda ya kazi. Ukibonyeza, chombo kilikwenda kwa utii kwenye mazoezi, kikajenga upya kitu kisichohitajiwa na mtu, kikaleta alama ya kijani. Mzee aliitazama alama hiyo kama baba anayemtazama mwanawe akipokea komunyo ya kwanza.

Nani amwambie? Mzee huyu alifundisha hesabu nusu ya wilaya ya Ngara kabla hajastaafu na chama cha ushirika kumkabidhi chumba chake cha kompyuta pale Biharamulo. Ildefonce, mwenzake Tecla, alitoka Bugarama na alikuwa mwanafunzi wake. Mpaka leo akimpa shikamoo anaangalia chini. Tecla, mtu wa Runazi, hakuwa na kisingizio hicho. Yeye alinyamaza kwa sababu utani ulimnogea. Kila asubuhi alibonyeza kitufe mbele ya mzee, akasema, "Kimekubali, mzee, hongera sana." Mzee akishatoka kwenda kunywa chai, alifungua dirisha jeusi, akajenga programu ya kweli, kisha yeye na Ildefonce wakacheka mpaka machozi. Walimvika mzee kilemba cha ukoka, naye akakivaa, kikamkaa sawasawa.

Programu iliwaambia wanachama lori la ushirika litapita kata gani siku gani. Ratiba ilikuwa imo humohumo ndani, ili isomeke hata pasipo mtandao, kwa hiyo kila ilipobadilika programu ilijengwa upya. Nayo haikukosea. Watu wa Nyakahura walitoa mahindi barabarani na lori likawakuta. Sifa zote zilikwenda kwa kitufe, zikafika kwenye bodi, na bodi ikauliza swali ambalo Tecla, pamoja na werevu wake wote, hakuliwaza hata siku moja: kama kitufe kinajenga chenyewe, huyu binti wa kujenga ni wa nini?

Mkataba wake ulikuwa unaisha. Kule Runazi mama yake alishatangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe anaajiriwa moja kwa moja.

Bodi ilikutana humohumo kwenye chumba cha kompyuta, mwenyekiti akiwa Mama Melania, mwanamke asiye na haraka.

"Kitufe hakifanyi kazi," Tecla alisema.

Mzee Bizimana alicheka. "Binti ana hofu ya ajira yake, Mama Mwenyekiti. Tumsamehe."

Kusamehewa na Bizimana! Tecla alipandwa na hasira. Alivuta kiti, akaandika kwamba lori la Nyakahura litapita Ijumaa badala ya Jumanne, akaunganisha simu ya majaribio, akabonyeza kitufe. Kijani. Simu ikasema Jumanne. Alifungua dirisha jeusi, akaandika amri, akangoja. Simu ikasema Ijumaa. Akageuka ili aone uso wa mzee ukisawijika, na kweli ulisawijika, naye akafurahi waziwazi.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Mama Melania.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na kila siku ulimwambia nini?"

Tecla alimtazama Ildefonce. Ildefonce alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Nilimwambia hongera."

"Basi mzee alikosea, na kukosea ni kwa kila mtu. Wewe ulijua, ukatuacha tushangilie uongo. Mtu wa namna hiyo siwezi kumkabidhi ratiba ya wakulima." Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mkataba hautaongezwa.

Walipotoka, mzee alibaki. Alivaa miwani, akasogeza kiti karibu na Tecla.

"Hiyo folda inabadilishwa wapi?"

Tecla alimwonyesha kwa kidole. Mzee alifuta jina la mazoezi, akaandika jina la kazi herufi kwa herufi. Akarudisha Jumanne kwenye ratiba, akabonyeza kitufe chake. Wakasubiri pamoja. Simu ikasema Jumanne.

"Mstari mmoja tu?"

"Mmoja tu, mzee."

Alivua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Tecla kuliko maneno yote ya bodi.

"Mwanangu," alisema, "si ungenionyesha."