Iache Isimame Yenyewe

Sitaki kusema uongo: Adjudanti Bokungu wa kambi ya jeshi nilimchukia. Mwaka ule wa tisini na nane, vita vilipoanza upya, alimpiga baba yangu, Mwalimu Nahum, kwa kitako cha bunduki pale kwenye kizuizi cha barabarani, eti alichelewa kuvua kofia. Tangu siku hiyo sikio moja la baba halisikii. Halafu mchana mmoja mtu huyohuyo akaingia maabara yangu na buti zake za matope, amembeba binti yake.

Ève alikuwa na miaka saba. Taya lake la kushoto lilikuwa limevimba hata jicho likafumba. Daktari mmoja wa Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ulaya, alikuwa akifanya utafiti: kuzitoa chembe nyeupe za damu ya mgonjwa na kuzifundisha zishambulie kansa yake mwenyewe. Ilibaki nafasi moja. Chembe za Ève zikifika safi jioni ileile, ataitwa kutibiwa. Zikiharibika, nafasi anapewa mwingine. Ndege ya kambini ya kwenda Lubumbashi ilikuwa inaruka saa kumi.

Nilitoa damu, nikaimimina polepole juu ya dawa nzito ya kutenganishia chembe ndani ya tyubu, ikiteleza kwenye ukuta wa kioo ili visichanganyike. Ilikuwa dawa ya mwisho chupani. Hapakuwa na umeme, basi nikaitia tyubu kwenye mashine ya mkono ya kuzungushia damu, nikashika mpini, nikazungusha nusu saa nzima. Bega liliniwaka moto.

"Minyi naona unazungusha tu damu ya mutoto yangu," akasema Bokungu. "Njo kazi gani hii? Ndege itaenda."

"Kaa kule, Adjudant."

"Weye njo unanipa ordre?"

Amri au siyo, macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Nilipoachia mpini, mashine iliendelea kuzunguka, na hapo ndipo penye kazi: haishikwi. Inaachwa mpaka isimame yenyewe. Chembe nyekundu zimezama chini, nyeupe zimebaki katikati, kama utando mwembamba juu ya uji. Ukiisimamisha ghafla, kila kitu kinavurugika.

Nje, jeep ya kwenda kambini ikapiga honi. Bokungu akanyoosha mkono. Niliuona ukija. Nilikuwa na muda wa kusema "usiguse", hata mara mbili. Nikalikumbuka sikio la baba, nikanyamaza. Kiganja chake kikaikamata mashine, ikasimama kwa mshtuko.

"Inatosha," akasema. "Toa, niende."

Niliinua tyubu. Nyekundu tupu, juu mpaka chini. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikudumu hata pumzi mbili. Nikayavuta maji yale mekundu kwa pipeti, nikayatia kwenye kichupa cha kusafirishia, nikaandika jina la mtoto.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

"Nashika namna gani?"

"Wima. Usitikise."

Mtu yule anayevunja milango ya watu kwa mateke alikipokea kichupa kwa mikono miwili, akakibana kifuani, akatoka akichagua pa kukanyaga. Nilimsikia akimwambia dereva akwepe mashimo. Kisha akageuka.

"Chunga mutoto, narudia sasa hivi. Mama Rachelle, aksanti."

Kabla ya hapo hakuwahi kuniita kwa jina.

Ève alikuwa amekaa kwenye benchi, pamba mkononi, akinitazama kwa jicho lake moja.

"Mama," akasema, "weye uliona mukono yake."

Nikamwambia abane pamba vizuri, damu isitoke tena.