Mchezo Uliokatizwa na Mvua

Mgeni yule aliingia robo ya tatu ya mchezo wa runingani ikielekea ukingoni, na kila mmoja wetu alidhani ni mgeni wa mwenzake. Mjomba Delmar alidhani ni muuguzi mpya wa Babu. Bi Verna, jirani yetu, alidhani ni mtu wa kazini kwa Delmar, kule kwenye kiwanda cha karatasi. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga maharage ya pilipili. Nilisikia mlango wa mbele, nikahisi baridi inapita miguuni kama maji, na nilipotoka alikuwa ameshaketi karibu na jiko la kuni, kofia magotini. Viatu vyake vilikuwa vyepesi, vya mjini. Nje theluji ilifika kiunoni, na viatu vile vilikuwa vikavu.

"Karibu," nilimwambia. "Utakunywa kahawa?"

"Nitashukuru, binti. Sitakaa sana."

Mbwa wetu aliyekuwa amelala kwenye miguu ya Babu aliinuka polepole, akaenda bafuni, akajibanza nyuma ya beseni.

Babu yangu, Ambrose Zielke, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mrija wa hewa puani, mashine ikihema kando yake. Daktari alikuwa ametuambia tusitegemee kwamba angefika masika. Mimi nilihitimu chuo mwezi Mei, nikaacha kazi niliyopewa mjini, nikarudi huku kaskazini mwa Wisconsin kumtunza, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba mtu akipendwa ipasavyo hupata nguvu ya kukaa. Januari nzima nilikuwa na ombi moja tu: afike Aprili, theluji iyeyuke, amsikie mtangazaji wa besiboli redioni hata mara moja tena.

Lakini hiyo ilikuwa Januari, na Januari ni ya futiboli, ile yetu ya helmeti na mabega ya plastiki. Timu yetu ya kijani na dhahabu ilikuwa kwenye mtoano, na Delmar na Bi Verna walikuwa kwenye ugomvi wao wa kila Jumapili.

"Haya, tazama," alisema Bi Verna, akionyesha runinga kwa kipande cha jibini. "Wamekimbia hatua tatu, wameangukiana, wameamka, sasa wamekumbatiana wananong'ona. Kama akina mama wa kanisa wanapanga chakula cha msiba."

"Wanapanga mbinu, Bi Verna."

"Mbinu ya kupumzika! Ukikusanya kukimbia kwao kote tangu mchana, hata yai la kuchemsha lingekuwa halijaiva."

"Na besiboli je? Mtu anatema mate, anajikuna, anavuta glavu, anatema tena. Mwaka juzi nilisinzia uwanjani, nikaota ndoto ndefu, nikaamka, nikamkuta yule yule anajikuna pale pale."

Babu alicheka hadi akakohoa. Nilimshika mgongo.

"Ndiyo maana wakubwa wa besiboli wenyewe wameiwekea saa," Delmar aliendelea. "Mrushaji akichelewa, adhabu. Wamekiri kwamba inachosha."

"Wamewawekea watu wenye haraka ya kurudi kwenye simu zao. Huku kwenye ligi yetu ya vijiji hakuna saa, na haitakuwepo mpaka nife." Bi Verna alimgeukia mgeni. "Na wewe bwana? Uko upande gani?"

"Futiboli," alijibu mgeni kwa adabu. "Saa yake inatembea hata watu wakisimama. Mtu wa kazi yangu akiwa na subira kidogo, haina budi kuisha."

"Kazi gani hiyo?" aliuliza Delmar.

"Nimekuja kumchukua Bwana Ambrose. Lakini sina haraka. Nitangoja mchezo uishe."

Delmar aliguna. "Hospitali siku hizi wanachukua watu hadi Jumapili?"

Babu hakuguna. Aliacha kutazama runinga, akamtazama mgeni kwa muda, jinsi mwamuzi anavyomtazama mrushaji aliyewahi kukutana naye kwenye uwanja mwingine. Kwa miaka yake yote ya utu uzima Babu alikuwa mwamuzi wa besiboli wa vijiji vyetu, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumletea soseji kabla ya mchezo, kwa kuogopa ionekane rushwa.

"Msogezee kiti, Josie," aliniambia. "Huyu ni mtu wa heshima."

Nilipoinama kusogeza kiti niliona kikombe mkononi mwa mgeni. Jiko lilikuwa linaunguruma hatua moja kutoka kwake, na juu ya kahawa niliyomtilia ikichemka palikuwa na utando wa barafu.

Hapo nilijua ni nani aliyekuja. Nilikwenda kukaa sakafuni kando ya Babu, nikaishika blanketi yake, nikawa naitazama saa ya kwenye runinga kama ambavyo sijawahi kutazama kitu.

Robo ya nne ilikwenda mbio. Timu yetu ilikuwa inaongoza, na ninyi mnaoijua futiboli mnajua timu inayoongoza hufanya nini mwishoni. Haichezi. Mchezaji wetu alipokea mpira, akapiga goti. Saa ikatembea. Wakajipanga tena, akapokea, akapiga goti.

"Pigeni goti, wanangu!" Delmar alishangilia. "Iueni hiyo saa!"

Mgeni akavaa kofia, akasimama.

"Ngoja," nilisema. "Ulisema utangoja mchezo uishe. Hukusema upi."

Alinigeukia. Macho yake hayakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Kuna mwingine?"

"Upo wa Agosti. Uwanja wa nyuma ya kanisa, Babu akiwa mwamuzi. Awamu ya mwisho, sisi nyuma kwa moja, wetu wawili wameshatolewa, na akitolewa wa tatu mchezo umeisha. Kijana mmoja alivunjika kidole, na mtu pekee aliyebaki ni Mjomba Delmar, aliyekuwa amekuja kuchoma soseji."

"Usinikumbushe," alisema Delmar.

"Wakamlazimisha ashike rungu la kupigia. Alishakosa mara mbili, straiki mbili, imebaki moja atoke na mchezo uishe. Ndipo mvua ikaja na radi. Babu akausimamisha. Kesho yake akaanguka jikoni, na hakuna aliyeurudia tena."

Mgeni alimtazama Babu. "Ni kweli?"

"Niliusimamisha," alisema Babu. "Sikuumaliza. Kwa sheria bado unaendelea."

"Basi tuumalize. Nitarusha mimi. Nani mwamuzi?"

"Aliyeuanza."

"Utasema unachokiona?"

"Sijawahi kusema kingine," alijibu Babu. "Lakini kama unataka ahadi, nakuahidi."

"Jamani, mnaongea nini nyinyi?" Delmar aliuliza, kisha akaigeukia runinga. Yule mchezaji wetu alikuwa bado amepiga goti. Uwanja mzima ulikuwa umeinua mikono na vinywa viko wazi, bila sauti. Saa haikusogea. Delmar aliitazama, akanitazama mimi, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa.

Tulimtoa Babu nje, kibarazani, mablanketi juu ya mablanketi, mashine mlangoni. Bi Verna, aliyekuwa mdakaji mashuhuri enzi zake, aliweka sinia la kuokea mbele ya ngazi liwe kibao, alama ambayo mpira lazima upite juu yake, akachuchumaa nyuma yake na glavu ya Babu. Mgeni alisimama mbali kwenye njia ya gari, katikati ya kuta mbili za theluji. Mimi nilishika ndoo ya mipira. Nilimsogelea Delmar.

"Usiupige mpira mbele, Mjomba. Uguse tu uende pembeni. Ukiwa na straiki mbili, wa pembeni haukutoi. Unarushiwa mwingine."

"Mpaka lini?"

"Hakuna saa."

"Mimi! Unataka nicheze besiboli polepole."

"Kuliko ilivyowahi kuchezwa."

"Miaka yote nakwambia uzuri wake ndio huo," alisema Bi Verna kutoka chini.

"Bi Verna, tafadhali, si leo."

Mgeni alirusha. Mpira ulikuja bila mlio, taratibu karibu kama jani, katikati kabisa ya kibao. Delmar aliugusa, ukapotelea msituni. Haukusikika ukianguka. Nilimpelekea mgeni mpira mwingine. Akarusha. Delmar akaugusa. Hakurusha mpira mbaya hata mmoja, na Delmar, mtu wa soseji, hakuukosa hata mmoja.

Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya misonobari na likabaki hapo. Moshi wa bomba letu ulisimama angani kama kamba iliyotundikwa. Juu ya barabara kunguru alikuwa amefungua mabawa, haendi mbele, haanguki. Niliyaona hayo na moyo wangu uliruka kwa furaha, sitawaficha. Tumeweza, nilijiambia. Hapa hapa, kwenye hili jua dogo, Babu hatakufa maadamu mikono ya Delmar ina nguvu.

Ndoo haikupungua. Kila nilipoingiza mkono niliukuta mpira mmoja. Nilianza kuutazama kabla ya kuutoa: ulikuwa na doa la majani mabichi, la kiangazi, karibu na mshono uliochanika. Na uliofuata ulikuwa na doa lile lile.

"Baridi, Josie," Babu alisema.

Nilimfunika vizuri zaidi. "Vumilia, Babu. Tunaendelea vizuri."

Mgeni alirusha. Delmar akaugusa.

"Baridi, Josie," Babu alisema, kwa sauti ile ile, kama vile hakuwa ameshasema. Na nilipomtazama niliona kifua chake kimepanda, kikohozi kimefika nusu ya koo, hakitoki wala hakirudi. Alikuwa amekwama hapo tangu tulipoanza. Nilikuwa nimemsimamisha kwenye pumzi moja.

"Baridi, Josie."

"Mjomba," nilinong'ona. "Endelea."

"Naendelea." Damu ilikuwa imeganda kati ya vidole vyake na rungu. "Lakini mtazame yule mtoto."

Ng'ambo ya barabara mtoto wa akina Kubiak alikuwa ameanguka kutoka kwenye ubao wake wa kutelezea. Alilala kifudifudi, uso ameuinua, mdomo wazi, kilio hakijatoka. Mama yake alikuwa mlangoni, mguu mmoja hewani, mikono yote miwili imenyooshwa kumwelekea. Mguu ule haukufika chini.

Mgeni alirusha tena.

Sijui kama Delmar alichoka au aliamua. Nimemuuliza, na yeye mwenyewe hajui. Mikono yake haikuinuka. Mpira ulipita kwenye ukingo wa sinia, ukaingia kwenye glavu ya Bi Verna, na ndio mpira wa kwanza siku ile uliotoa sauti. Bi Verna hakuisogeza glavu. Aliishika pale pale ilipoupokea, kama wadakaji wanavyofanya ili mwamuzi aone, akainamisha kichwa, na machozi yake yakaanza kudondoka juu ya sinia.

Mgeni alivua kofia. Hakusema umepita juu ya kibao, yaani straiki, wala hakusema umepita nje. Alimtazama Babu akingoja, na niliona wazi kwamba angekubali lolote atakaloambiwa. Angeinama, angeokota mpira, angerusha mwingine, na mwingine.

Nilipiga magoti kibarazani.

"Ulikuwa nje, Babu. Nimeuona. Sema ulikuwa nje. Hakuna atakayebisha."

"Ulisimama wapi?" Maneno yalimtoka kwa shida, yakipenya kando ya kile kikohozi.

"Hapa. Pembeni."

"Hapo hauonekani vizuri, mwanangu." Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa na joto, na hilo nalikumbuka kuliko yote. "Mimi nilikuwa nyuma ya kibao."

"Aprili bado kidogo tu, Babu. Tafadhali."

Aliniangalia kwa upendo ambao nilikuwa nimeutegemea umzuie, kisha akaangalia ng'ambo ya barabara. Akayasukuma mablanketi. Tangu Krismasi hakuwa amesimama bila kushikwa, na Delmar aliacha rungu akimbilie kumshika, lakini Babu alimkataza kwa kidole. Alisimama mwenyewe, akautoa mrija wa hewa puani, akanyoosha mgongo kama mtu aliye mbele ya uwanja mzima, na mkono wake wa kulia ukapanda.

"Straiki," alisema, kwa sauti ya kiangazi, iliyofika mpaka kwenye ziwa la nyuma ya msitu, na mkono ukabaki juu mpaka mgeni alipofika ngazini na kuushika.