Chupa Iliyotikiswa

Ngumi ya kwanza ilimkuta Bwana Tone kwenye taya, na kabla hajajua kimempata nini, ya pili ilishafika. Hakuanguka. Aligeuka tu, akalikumbatia lile boksi la barafu lililokuwa mezani, akalilalia kama kuku anavyolalia mayai, mgongo nje. Basi mchinjaji akauhamia mgongo.

Lakini tusianzie mkiani. Bwana Tone alikuwa muuguzi, mwembamba mpaka ukimtazama ubavuni unadhani keshaondoka. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa dripu zake alizihesabu mwenyewe, tone kwa tone, saa ya mkono mbele ya pua, na mashine ya kusukuma dawa iko pale pembeni imekaa bure. Walimcheka, naye akacheka nao. Mwezi uliopita kicheko kikamwisha.

Mwezi huo alitundika dawa yenye vinyuzi. Aliviona, akasema moyoni, ah, povu tu hilo. Mzee wa kitanda cha nne, aliyetundikiwa dawa hiyo, akaanza kutetemeka mpaka chuma cha kitanda kikawa kinagonga ukuta, ko ko ko, midomo ikageuka rangi. Walipomshika akamng'ata Bwana Tone mkono, meno yakazama. Akafa hivyo hivyo, meno yamo nyamani. Daktari alisema huenda si vinyuzi. Huenda. Neno hilo moja lilimnyima Bwana Tone usingizi kuliko hata kidonda.

Sasa siku hiyo, asubuhi jua limeshapanda, akaja mchinjaji na dada yake. Yule dada mwili wake ulikuwa umemgeuka, unajila wenyewe. Vidole vimepinda kama mizizi, na sasa ugonjwa umeingia kifuani. Daktari alisema bila dawa hii mwezi hataumaliza. Kaka mtu akaifuata mbali, akarudi na chupa mbili ndogo ndani ya boksi la barafu: moja ya leo, moja ya mwezi ujao. Njia nzima alilipakata boksi kama mtoto mchanga.

Halafu, mbele ya macho ya muuguzi, akatoa chupa moja akaitikisa. Na mikono ile ni ya kupasua paja la ng'ombe! Akaitikisa mpaka ikajaa povu.

"Kaka! Unafanya nini?"

"Naichanganya. Dawa si hutikiswa? Mama yetu alitutikisia dawa ya kikohozi mpaka tukakua."

Bwana Tone akaichukua, akaielekeza dirishani. Ndani mlikuwa mnaelea vinyuzi vyeupe, vyembamba, kama pamba iliyochambuliwa.

"Hii simwekei mtu."

"Utaiweka."

"Sikiliza, kaka yangu. Dawa hii ni laini kama ute wa yai. Ukishaupiga ute kwa uma, unarudi kuwa ute?"

"Mimi nauza nyama, siuzi mayai. Itie kwenye mashine ile, iyachuje mabonge."

"Ile haichuji. Ile inaminya mrija, inaminya na kuachia. Hata dawa nzima inaweza kutoka na vinyuzi."

Mchinjaji akafikiri kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana kwao uji ukiwa na mabonge, haukukorogwa ukatosha.

"Basi lete ya pili. Hii ya kwanza sikuitikisa vizuri."

Akanyoosha mkono kwenye boksi, Bwana Tone akausukuma. Ndipo zikaja zile ngumi.

Mgongo ulipigwa ukalia kama gunia la mahindi. Ubavu mmoja ukaalika, naye akausikia ukialika. Mchinjaji akamshika nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa meza. Jino likatoka, likadunda sakafuni. Akang'oa mlingoti wa dripu, akamchapa nao mabegani mara tatu. "Unamwua dada yangu! Unamwua!" huku analia, kamasi na machozi pamoja. Damu ya Bwana Tone ikachuruzika juu ya kifuniko cha boksi, na boksi lenyewe halikusogea hata kidole. Kila pigo lilipomfikia alikuwa anasikia kitanda kinagonga ukuta, ko ko ko, na kila akisikia hivyo anakaza mikono.

Mlingoti ukapanda mara ya nne, safari hii unakitafuta kichwa.

"We kaka!" Dada alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, pumzi inakatika. "Ukishamwua, sindano... atanichoma nani? Wewe na panga lako?"

Mlingoti ukabaki hewani.

"Mtu anayeniua... hakubali kupigwa hivi kuilinda dawa yangu," dada akasema. "Mtazame. Hata hajajikinga uso."

Mchinjaji akatazama. Mlingoti ukamponyoka, ukaanguka kwa kishindo.

Bwana Tone akainuka kwa vipande, mguu kwanza, mgongo baadaye. Akatema damu kwenye beseni, akanawa, akavaa glavu. Akaitoa chupa ya pili polepole, akaivuta dawa kwa sindano bila haraka, akaiteremsha kwenye mfuko wa maji ya chumvi, akaugeuza mfuko taratibu kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Akautazama dirishani kwa jicho moja, la kwanza lilishavimba likafunga. Maji maangavu, hamna kitu. Akaunga mrija wenye chujio, akatundika.

"Na hili jicho la pili nalo sasa linafunga," akamwambia mchinjaji. "Saa siioni. Utahesabu wewe."

"Mimi?"

"Wewe uliyeliziba. Matone kumi na tano kwa dakika. Na usiguse mfuko, mkono wako naujua."

Dada akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Mchinjaji akapiga magoti, akaanza: moja, mbili, tatu. Mkono mmoja ameshika saa, mwingine ameuweka kwenye chuma cha kitanda cha dada, maana Bwana Tone, wakati anatundika, alimwambia jinsi kitanda cha yule mzee kilivyogonga ukuta. Wakakaa hivyo saa nzima, mmoja anahesabu, mmoja anavuja damu, mmoja anapumua. Mchinjaji akakibonyeza kiganja kwenye kile chuma kwa nguvu zake zote, anasubiri.

Kitanda kimetulia tuli.